Masafa Baina ya Gari na Gari

Mkataba wa kimataifa juu ya usafiri wa barabarani, uliotiwa saini katika mji wa Vienna mwezi wa Novemba mwaka 1968, una kifungu kimoja, cha kumi na tatu, kinachomwamuru dereva aliye nyuma ya gari lingine aache masafa ya kutosha baina yake na lile la mbele, ili lau la mbele litapunguza mwendo au kusimama ghafula, asiligonge. Watunga sheria hao, ambao katika mambo mengine walipima kila kitu kwa futikamba, hata rangi za taa na maumbo ya vibao, hapa hawakutaja mita wala hatua. Walisema ya kutosha, wakanyamaza. Mtu mwenye haraka atauona unyamavu huu kuwa ni upungufu wa sheria. Mimi nauona kuwa ni ungamo la sheria kwamba imefika mpakani mwa milki yake, na kwamba kutoka hapo mpaka penye bampa la gari la mbele anatawala hakimu mwingine, ambaye wengine humwita dhamiri, wengine akili, na wengine hofu ya Mungu.

Swali ninalotaka kulishughulikia ni fupi kulitamka, ingawa jibu lake si fupi. Mtu ametoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Iringa, na njia nzima amemganda aliye mbele yake, mara basi, mara lori, mara gari dogo, kwa masafa ambayo mtu mzima angeyamaliza kwa hatua tano. Akafika mchana, akafunga gari lake, akasema alhamdulillahi au Mungu asifiwe, akaketi kula na wanawe. Hakugonga, hakugongwa, trafiki hakumsimamisha, hapana aliyeumia wala aliyelalamika. Je, mtu huyu ana hatia juu yake? Na ikiwa anayo, ni hatia ya nini, maadamu hakuna kilichovunjika? Aghalabu ya watu hujibu kwamba pasipo ajali hapana kesi. Mimi nitajaribu kuonyesha kwamba kesi ilikuwapo tangu Kibaha, na kwamba kilichokosekana ni mshitaki tu.

Kabla ya kuingia katika dini na hekima, yafaa tuyajue maumbile ya jambo lenyewe, kwa sababu asiyejua kitu kinavyokwenda hawezi kujua mahali wajibu wake unapoanzia. Kilomita 80 kwa saa, ambazo ndizo mwisho wa mwendo wa mabasi na malori katika barabara kuu za Tanzania, ni mita 22 kwa kila sekunde. Taa nyekundu za gari la mbele zinapowaka, jicho huona, akili hufahamu, mguu huhama kutoka mafuta kwenda breki. Na kazi hii, ambayo kila dereva hudhani anaifanya papo hapo, humla sekunde moja, mara nyingi moja na nusu, na zaidi kwa aliyechoka au mwenye simu mkononi. Maana yake ni kuwa gari limekwisha kwenda mita 22 hadi 33 kabla breki hazijaanza hata kushika. Zikishashika, nguvu inayotakiwa kumalizwa huwa imekua kwa mraba wa mwendo, basi aliyezidisha mwendo mara mbili amejizidishia mara nne masafa ya kusimamia. Lori lenye breki za upepo lina uzito wake wa kuitikia, kwa kuwa upepo huchukua muda kupita katika mabomba mpaka ufike kwenye magurudumu ya nyuma ya tela. Na likiwa na uzito wa tani 56 pamoja na shehena yake, ambazo ndizo kikomo katika barabara za Afrika Mashariki, hata tamaa ya kusimama mahali pafupi huwa muhali.

Ndiyo sababu walimu wa udereva wakaona afadhali kuyapima masafa haya kwa muda kuliko kwa urefu: sekunde mbili kwa gari dogo katika lami kavu, maradufu yake mvua inaponyesha, na zaidi kwa chombo kizito. Wajerumani wana kanuni nyingine nyepesi, kwamba nusu ya tarakimu ya mwendo iwe idadi ya mita, aendaye kilomita 100 aache mita 50; na ukizilinganisha hesabu hizo mbili utaziona zinakaribiana sana. Lakini kipimo cha muda kina siri ambayo kipimo cha mita hakina. Kinatufunulia kwamba kile tunachokiacha mbele yetu si ardhi, ni wasaa. Ni nafasi ya kuona, ya kufahamu na ya kubadili nia, nayo ni nafasi ambayo mwanadamu katika mambo mengine ya maisha yake huililia baada ya kuikosa.

Nilipata kusafiri katika lori la saruji lililokuwa likielekea Tunduma, nimeketi baina ya dereva, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na kofia ya viua iliyokwisha kupauka, na utingo wake, kijana ambaye hakupenda kitu chochote kiwe mbele yao. Tulipoiacha Chalinze mvua ikaanza kunyesha, na mara nikaona midomo ya mzee inacheza. Kila gari la mbele lilipopita nguzo ya umeme au jiwe la kilomita, yeye alianza, Subhana Llahi, Subhana Llahi, Subhana Llahi, kwa sauti ya chini na kwa utulivu ule wa mtu anayevuta tasbihi baada ya sala. Na kama lori letu lilifika penye nguzo kabla hajatimiza sita, aliinua mguu. Penye ukavu, aliniambia, hutosheka na nne, lakini mvua ina haki yake. Kijana alivumilia mpaka basi la pili lilipotupita.

"Mzee, tunaachwa."

"Tunaachwa na nani, mwanangu? Tunduma imehama?"

Karibu na Mikese, Noah moja ikachomekea katika ile nafasi iliyohifadhiwa kwa tasbihi sita, ikaturushia matope katika kioo, na utingo akatoa tusi ambalo halifai kuandikwa. Mzee akawasha waipa, akainua mguu, akaanza kuhesabu upya tangu ya kwanza kana kwamba hapana lililotokea, akasema tu, "Mwache, naye ana kwao." Sijapata kusikia waadhi mfupi kuliko huo juu ya haki ya jirani, na nimehudhuria nyaadhi nyingi ndefu.

Ile Noah ndiyo hujja kubwa ya watu wanaoukataa wajibu huu. Husema kwamba katika miji yetu nafasi ikiachwa huchomekewa, na kwamba mwungwana anayeacha masafa atajikuta anarudi nyuma siku nzima huku wajinga wakiendelea mbele. Na tuifanye hesabu yao, madhali wao ndio walioileta. Kila anayechomekea humgharimu mwenye kuacha nafasi sekunde mbili au tatu, kwa maana hiyo ndiyo nafasi anayotakiwa aijenge upya. Wakichomekea ishirini kutoka Kimara mpaka Morogoro, hasara yake yote haizidi dakika moja, nao ni muda ambao dereva huyo huyo ataupoteza kwa ridhaa yake mara kadhaa akichagua hindi la kuchoma kando ya njia. Basi anachokipigania si muda. Anapigania cheo. Barabara imewatia watu waswasi kwamba mahali pa mtu katika msafara ndiyo daraja yake katika uhai, na kwamba aliyepitwa amevuliwa kitu. Ghururi hii haimtofautishi maskini na tajiri, wala msomi na mbumbumbu, na nimemwona mtu mpole nyumbani kwake, asiyeweza kumkaripia paka, akiwa mtu mwingine kabisa nyuma ya usukani. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme mlinzi aliyesimama juu ya mnara wa Yezreeli alimtambua Yehu mwana wa Nimshi kutoka mbali, kabla ya kuuona uso wake, kwa namna alivyoliendesha gari lake kwa kasi ya wazimu. Safari ile, yafaa kukumbuka, ilikuwa ya kwenda kumwaga damu.

Sasa tuje kwenye kadari, kwa maana hapa ndipo watu wetu wanapokimbilia wakishafikwa. Gari likishagonga, na maiti wakishalazwa kando ya njia wamefunikwa kanga, utasikia kwamba ajali haina kinga, kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza, kwamba ndivyo alivyopenda Mola. Maneno haya sina ugomvi nayo yanapotamkwa mahali pake. Mahali pake ni msibani, katika masikio ya mjane, ambaye hana la kufanya tena ila kupokea. Huko ni dawa. Lakini dereva aliyemganda wa mbele kwa hatua tano anapoyatamka mbele ya polisi au mbele ya nafsi yake, ameichukua dawa ya wafiwa akaifanya ngao yake, na fauka ya hayo amemsingizia Mungu kitendo cha mguu wake mwenyewe. Nyani wa methali alikuwa na miti mingi mbele yake na yote ikateleza. Huyu hakuujaribu hata mmoja.

Wanazuoni hawakuliacha jambo hili bila nuru. Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa njiani kuingia Shamu, akapata habari mahali panapoitwa Sargh kwamba tauni imezuka huko, aliwashauri wenziwe kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida, ambaye hakuwa mtu wa imani dhaifu, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, na akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeingia bonde lenye upande wa rutuba na upande mkame. Akichunga huku au kule, yote ni kwa kadari, lakini hapana mchunga mwenye akili anayepeleka wanyama wake ukameni akasema nimeandikiwa. Imamu Ghazali, katika mlango wa tawakali wa kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, anafika mbali zaidi: mtu anayelala katika mkondo wa mafuriko, au chini ya ukuta ulioinama, hahesabiwi kuwa amemtegemea Mola, bali amejitia katika maangamizo yaliyokatazwa. Na kwa wasomaji wangu Wakristo, Torati ilikwisha kumwamuru mwenye kujenga nyumba azungushe ukingo juu ya dari yake, asije akailetea nyumba hiyo damu mtu akianguka; amri hiyo haimngoji mtu aanguke ndipo iwe amri. Kadhalika Injili inasimulia jinsi Shetani alivyomtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, naye akakataa kumjaribu Mungu. Sijui kama kuna mfano ulio karibu zaidi na mtu anayekwenda kilomita 100 kwa saa, hatua tano nyuma ya lori la mafuta, rozari au aya imening'inia penye kioo chake.

Tofauti iliyopo, kwa fahamu yangu, ni kwamba kadari hujulikana baada ya jambo, ilhali amri hujulikana kabla yake. Hatukupewa kuijua ile, tumepewa kuitii hii. Anayeliendesha gari kwa kadari ameshika usukani wa chombo ambacho si chake.

Turudi sasa kwa yule aliyefika Iringa salama. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili wa lugha ya Kiingereza, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika juu ya kile walichokiita bahati katika maadili, na wote wawili wakamtumia dereva wa lori kuwa mfano. Nagel alimfikiria dereva aliyepuuza kukaguliwa breki zake; mtoto akitokea barabarani dereva huyo atakuwa na damu mikononi, na mtoto asipotokea atakuwa na uzembe mdogo tu ambao hata yeye hataukumbuka, ingawa katika hali zote mbili alilolifanya ni lile lile. Tuuhamishie mfano huu Mikumi, ambako barabara kuu inaikata hifadhi ya wanyama kwa kiasi cha kilomita 50. Mabasi mawili yamepita hapo kwa nyakati tofauti, kila moja likilifuata lori lake kwa masafa yale yale ya aibu. Mbele ya lori la kwanza swala ameruka barabarani, lori likafunga breki, basi likaingia katika tela, wakafa watu. Mbele ya lori la pili swala alikuwa kandokando akainua kichwa, akaghairi, akarudi majanini. Madereva hawa wawili wana tofauti gani? Hawana. Tofauti imefanywa na swala. Na ikiwa tutasema kwamba hatia imo katika mgongano, basi tumempa swala madaraka ya kuamua nani katika wanadamu ni mwenye dhambi, jambo ambalo sidhani dini yoyote imepata kulikubali.

Kwa hiyo hatia haina budi itafutwe mahali pengine, na mahali pengine palipobaki ni yale masafa tu. Dereva alipoyala masafa yale alikuwa amekwisha kutenda. Kilichofuata kilikuwa malipo, ambayo huja au hayaji. Aliyefika Iringa hakuwa mtu asiye na kosa. Alikuwa mtu ambaye kosa lake halikuletewa hesabu.

Nafahamu kwamba wapo watakaoniona nimekuwa mkali, na kwamba katika foleni ya Ubungo, ambako magari hutambaa, neno dhambi ni zito mno kwa mita moja ya lami. Nakubali. Katika mwendo wa kutambaa masafa mafupi hutosha, na ya kutosha ndilo neno la sheria. Hata hivyo foleni yenyewe ina funzo lake. Mwaka 2008 wataalamu wa Japani, akiwamo Yuki Sugiyama wa Chuo Kikuu cha Nagoya, walitangaza jaribio la kuweka magari 22 katika duara la mita 230, madereva wakiambiwa waende kwa mwendo mmoja tulivu. Hapakuwa na taa, wala njia panda, wala mkokoteni, wala askari. Baada ya muda mfupi foleni ikazuka yenyewe: mmoja aligusa breki kidogo, wa nyuma yake, kwa kuwa hakuwa na wasaa, akaigusa zaidi, wa tatu zaidi, mpaka wa nyuma zaidi akasimama kabisa, na wimbi lile la kusimama likawa linarudi nyuma kinyume cha mwendo wa magari. Yule aliyelianzisha alikuwa amekwisha kwenda zake. Mara ngapi tumeketi katika jua la saa nane, jasho likitutiririka, tukiulaani mji na serikali, kisha foleni ikafunguka na mbele pasionekane gari bovu wala ajali? Aliyetudhulumu hatukumwona, naye hakutuona, wala hakukusudia. Yako madhara ambayo mtu huyatenda kwa watu walio nyuma yake kabisa, na huenda hayo ndiyo yaliyo mengi. Akiwapo katikati ya msafara dereva mmoja aliyeacha masafa, wimbi likimfikia yeye huinua mguu tu, bila ya kugusa breki, na linafia hapo. Walio nyuma yake hawatajua kamwe kwamba wameepushwa na kitu.

Kile kifungu cha kumi na tatu nilichokitaja mwanzoni kina sehemu nyingine ambayo watu hawaisomi. Inayaamuru magari mazito, nje ya miji, katika barabara yenye njia moja kwenda na moja kurudi, yaache mbele yao nafasi itakayoliwezesha gari linaloyapita kuingia humo bila hatari. Zingatia maana yake. Dereva wa lori anaamriwa ahifadhi mahali pa mtu ambaye bado hajatokea, ambaye pengine hatatokea, hana jina, hatashukuru, na huenda ndiye atakayekuja na matope yake kama ile Noah ya Mikese. Kwa lugha ya dini hii inaitwa amana. Na amana ina sharti moja gumu, kwamba mwenye kuishika hawezi kuitumia kwa sababu tu mwenyewe hayupo. Mtume, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, aliwaambia wanaoketi barazani kando ya njia kwamba njia ina haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia maudhi. Na katika hadithi nyingine kuondoa kinachodhuru njiani kukahesabiwa kuwa tawi la imani na kuwa sadaka. Wazee wetu walielewa hapo miiba na mawe. Mimi sioni sababu ya kutoingiza humo bampa la mbele la mtu mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo linaikera nafsi kuliko yote, nalo ni yule anayekuganda wewe kwa nyuma, anakuwashia taa kubwa, anakupigia honi, na kukupumulia kisogoni. Tamaa ya kwanza ni kugusa breki ili ashtuke. Na wapo wanaoiita hii kumfundisha adabu. Kanuni mashuhuri ya fiqhi inakataza kudhuru na inakataza kulipiza dhara kwa dhara, na hapa inafaa kabisa, kwa sababu abiria wake na wako hawakuingia katika mashindano hayo. Wajuzi wa udereva wamefikia hukumu ile ile kwa njia ya hesabu: ukigandwa nyuma, zidisha masafa yako ya mbele, ili usipate haja ya kufunga breki kwa nguvu, na hivyo yule wa nyuma apate, kupitia kwako, ule wasaa ambao amejinyima mwenyewe. Yaani unaacha masafa yako na unaacha na yake. Hili ni gumu, wala simlaumu sana anayeshindwa. Lakini mpishe akitaka kupita.

Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei, liliamua kwamba ajali za magari zihukumiwe kwa kanuni za jinai zilizomo katika sharia, ingawa aghalabu huwa za makosa pasipo kusudi, na kwamba dereva hubeba dhima ya madhara anayomfikishia mwingine, haondokewi nayo ila katika hali tatu: nguvu asiyoweza kuikinga, tendo la aliyedhurika mwenyewe lililosababisha dhara, au kosa la mtu mwingine. Kwa fahamu yangu, aliyemganda wa mbele hana pa kusimama katika hizo zote, kwa kuwa kusimama ghafula kwa gari la mbele ni jambo lenye kinga inayojulikana, tena isiyouzwa. Basi akiua, hata bila ya kukusudia, wafiwa wana haki ya dia, na Mola wake ana haki ya kafara, ambayo siku hizi, madhali hapana mtumwa wa kuacha huru, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, hawalegezi kamba katika hili.

Huyo ni aliyekutana na swala. Aliyefika Iringa salama hadaiwi dia wala kafara, na tofauti hii ya sharia ni ya insafu, kwa sababu walio hai hawalipiwi. Anachodaiwa ni toba. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihina, ameiwekea toba masharti matatu, kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia; na kosa likiwa limegusa haki ya mja, sharti la nne ni kumrudishia haki yake. Matatu ya kwanza dereva anaweza kuyatimiza hata kabla hajafika Kitonga, na la kwanza halimtaki ila kuinua mguu. Ni la nne linalomtatiza, kwa maana huyo aliyemkosesha amani kutoka Kibaha, akimwangalia kila mara katika kioo, alikata kona Chalinze kwenda Tanga, na hamjui jina wala sura, ila namba ya gari lake, ambayo aliisoma kwa muda mrefu kupita kiasi. Wanazuoni wanasema haki ambayo mwenyewe hapatikani hutolewa sadaka kwa niaba yake. Basi na aitoe kwa huyu aliye mbele yake sasa, na kwa anayefuata baada ya huyu.